Watu wanne, asilimia 175: nani anadanganya?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Tunaishi vijana wanne katika nyumba moja ya kupanga. Kazi za nyumbani hatujaziwekea zamu, tulikubaliana tu kwamba kila mtu ni mtu mzima na anajua wajibu wake. Matokeo yake ni ugomvi kila wiki. Mwezi uliopita nikampa kila mmoja kikaratasi aandike kwa siri: kati ya kazi zote za nyumba hii, wewe unafanya asilimia ngapi? Mmoja akaandika 45, mwingine 40, wa tatu 35. Mimi niliandika 55, tena kwa kujipunguzia. Jumla 175! Mimi ndiye ninayepiga deki sebule na korido, ninayesugua choo, ninayeosha masufuria yaliyolowekwa siku mbili, ninayefuta jiko, ninayezibua sinki, ninayetoa utando wa buibui, ninayefua mapazia, ninayeanua nguo za watu mvua ikianza, na ninayekumbuka kununua sabuni. Wenzangu, mmoja hutoa takataka, mwingine hufagia uwanja akijisikia, wa tatu anashughulika na bili za umeme na maji tu. Nani kati yetu anadanganya? Na je, niwaonyeshe hesabu hii?

Jibu: Marahaba. Hakuna anayedanganya.

Najua ulikuwa unangoja jina, na nahisi jina lenyewe unalo tayari. Lakini kabla hatujamfikia mtu yeyote, kuna hesabu moja hukuifanya. Wewe umeshtushwa na 175, mimi nimeshtushwa na 120. Weka pembeni zile 55 zako, kisha jumlisha za wenzako: 45 na 40 na 35. Watatu hao peke yao wameshaimaliza nyumba na kubakiwa na chenji. Kwa hesabu yao basi, mchango wako ni hasi 20. Yaani si kwamba hufanyi kitu, bali kila ukishika ufagio nyumba inazidi kuchafuka.

Hata hivyo nashikilia kwamba hawadanganyi, kama vile na wewe hudanganyi.

Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Kanada, Michael Ross na Fiore Sicoly, walifanya karibu kile kile ulichofanya wewe, ila wao walikwenda kwa watu waliooana. Walichukua jozi 37, wakamtenga mume na mke, wakamwuliza kila mmoja sehemu yake katika shughuli 20 za maisha ya pamoja. Kama watu wangekuwa wanakumbuka sawasawa, majibu ya wawili yakiwekwa pamoja yangekaa kwenye mia. Katika shughuli 16 kati ya hizo 20, jumla ilipita. Jozi 27 kati ya 37 zilizidisha. Na hao ni watu wawili tu, wanaopendana, wanaolala chumba kimoja. Nyinyi mko wanne na kila mmoja ana kufuli lake.

Hapo mtu wa haraka atasema: ndiyo, binadamu hujipendelea, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na mimi ningekubali naye, tungefunga mjadala, kama isingekuwa jambo moja. Kwenye orodha ile ya shughuli hamkuwa na mazuri peke yake. Waliulizwa pia nani huanzisha ugomvi ndani ya nyumba. Na huko nako watu walijitwisha zaidi ya fungu lao! Mume anasema mara nyingi chanzo ni mimi, mke naye anasema chanzo ni mimi. Mtu anayevutia ngozi kwake ili asifiwe hawezi kuvutia kwake na lawama. Kwa hiyo majivuno yapo, sikatai, ila hayawezi kubeba jambo hili lote.

Kilichobeba kingi ni kumbukumbu. Ross na Sicoly waliwaomba watu hao watoe mifano ya michango yao na ya wenzao. Kwa wastani mtu alitoa mifano karibu 11 yake mwenyewe na karibu 8 ya mwenzake. Na kadiri pengo hilo lilivyokuwa pana, ndivyo mtu alivyojizidishia sehemu yake. Sasa rudi kwenye barua yako. Nimeihesabu. Kazi zako umezitaja tisa, moja ina mpaka umri wa masufuria. Za wenzako watatu, wakiunganishwa wote, umezitaja tatu, na mbili kati ya hizo umezipunguza makali kwa maneno ya pembeni. Nitarudi kwenye hayo maneno ya pembeni.

Fikiria jinsi unavyoijua kazi yako ya choo. Unaijua tangu kabla hujaianza: ule uvivu wa asubuhi, kubishana na nafsi, ahadi kwamba utafanya jioni, aibu jioni ilipofika. Kisha kuinama, harufu ya dawa, mgongo, tone la maji lililokurukia mdomoni. Kisha kuridhika kidogo ukiwa umesimama mlangoni. Kazi ya dakika ishirini ina kumbukumbu ya siku nzima. Sasa fikiria unavyoijua kazi ya anayetoa takataka. Huijui. Unachojua ni kwamba jana pipa lilikuwa limejaa na leo halijajaa, na hilo nalo huenda umelitambua sasa hivi kwa kuwa nimekuuliza. Hukuwepo mfuko ulipochanika ngazini. Wahenga walimaliza maneno: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Usafi nao una ubaya wake wa pekee, kwamba ukifanywa vizuri unafuta ushahidi wake. Mtu akijenga ukuta, ukuta unabaki ukimsemea. Akipiga deki sakafu, kinachobaki ni sakafu. Nani amewahi kusimama mlangoni akastaajabu: jamani, hapa hakuna utando wa buibui! Lakini utando ukiwepo, wote wanne mtauona na kila mmoja atajua ni kosa la nani.

Mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilijua kwa hakika kwamba nyumbani kwetu anayekagua milango usiku ni mimi. Ilikuwa fahari yangu ndogo. Kila usiku nilipita, nikakuta imefungwa, nikasukuma komeo ambalo lilikuwa limeshasukumwa, nikaenda kulala nikiwa mlinzi wa familia. Ilinichukua muda usioelezeka kwa mtu mwenye elimu yangu kujiuliza nani aliyekuwa ameifunga.

Kuna na dhana nyingine inayowachonganisha humo ndani, nayo ni kwamba unadhani walikuona. Ukipiga deki Jumamosi asubuhi huku mmoja akipita kwenda kuoga, moyoni unaandika: huyu shahidi. Yeye alipita akiwaza mambo yake. Thomas Gilovich na wenzake wawili, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliwavalisha wanafunzi wa chuo kikuu fulana ya kuaibisha, yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, wakawaingiza kwenye chumba chenye wanafunzi wengine. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wameitambua fulana. Walioitambua walikuwa kama robo. Kama fulana yenye uso wa mtu mzima kifuani inakwepa macho ya robo tatu ya chumba, unategemea nini kwa tambara la deki?

Sasa nije kwenye neno lako "kudanganya", maana ndilo linalowaumiza zaidi kuliko masufuria. Gilovich huyo huyo pamoja na Justin Kruger walichapisha mwaka 1999 utafiti mwingine, ambao kwangu ni wa kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja. Waliwauliza wanandoa maswali ya aina ile ya mwanzo, kisha wakaongeza: unadhani mwenzako atajipa kiasi gani? Kila mmoja alitabiri kwamba mwenzake atajinyakulia sifa kwenye mazuri na kukwepa kwenye mabaya. Wenzao hawakufanya hivyo. Walijizidishia kwenye mazuri na kwenye mabaya pia, kama wale wa 1979. Tazama basi tulivyo: kosa la mwenzangu ni hila, kosa langu lile lile ni kusahau. Mtu aliyeandika 45 alikaa kitandani na kikaratasi chako akakumbuka kwa dhati yote aliyoyakumbuka. Ulipoisoma, ulisoma ujanja.

Na kabla hujanijibu kwamba wewe ulikuwa makini, kwamba ulijipunguzia makusudi, nikukumbushe kwamba ulijipunguzia kutoka kwenye idadi ambayo pia uliikadiria wewe. Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross (huyu si yule Michael Ross wa mwanzo) walionyesha mwaka 2002 kwamba watu wengi hujiona hawapotoshwi sana na upendeleo kama wanavyopotoshwa watu wengine. Waliopewa maelezo ya upendeleo wenyewe, wakaelezwa unavyofanya kazi, bado wengi walisema wao hawakupotoka. Nimefundisha jambo hili mara nyingi darasani. Kila mara kuna mwanafunzi anayetikisa kichwa kwa huruma akimfikiria ndugu yake.

Hii 175 yenu, kwa watu wanne, hainipi wasiwasi. Kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo jumla inavyopaa. Juliana Schroeder, Eugene Caruso na Nicholas Epley walilichunguza hilo katika makundi ya ukubwa mbalimbali na kulichapisha mwaka 2016. Sababu yake si ngumu. Mkiwa wawili, una mtu mmoja tu wa kumkumbuka, na ukimsahau atakukumbusha. Mkiwa wanane, wale saba wanakuwa "wengine", na "wengine" ni mtu mmoja mvivu asiye na uso. Siku moja mtu wa kikao chochote ulicho nacho akikwambia kwamba bila yeye mambo hayaendi, usimkasirikie. Waulize na waliobaki, utasikia hivyo hivyo.

Lakini hapa nisimame, maana namwona mzembe mmoja mahali fulani anafurahi sana kusoma jibu hili. Atalikata na kulibandika kwenye mlango wa jokofu: kila mtu hujizidishia, mtaalamu kasema, kwa hiyo malalamiko yako ni upendeleo wa kumbukumbu. Sivyo. Kwamba wote mmezidisha haina maana kwamba wote mnafanya sawa. Huenda wewe uliyeandika 55 unafanya 40 kweli, na aliyeandika 35 anafanya 12. Nyote mmepotoka, na bado wewe umebeba zaidi ya mara tatu ya mwenzako. Vikaratasi vyako haviwezi kusema lolote kuhusu hilo. Vinapima kumbukumbu, wala sakafu havijaigusa.

Kutegea nako ni kweli kupo, na kumepimwa. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba mwishoni mwa karne ya 19, na matokeo yakachapishwa mwaka 1913. Wakivuta wanane, kila mmoja alikuwa anatoa takriban nusu ya nguvu aliyokuwa akiitoa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni watu kutovuta kwa wakati mmoja, hilo halina lawama. Ila mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake waliwafunga watu macho, wakawavika vipokea sauti masikioni, wakawaambia wapige kelele kwa nguvu zote. Waliodhani wanapiga kelele wakiwa sita, kumbe kila mmoja alikuwa peke yake, walitoa kama robo tatu ya sauti yao. Hapo hakuna kukosana kwa wakati. Ni kutegea kwa moja kwa moja, na bila shaka kila mmoja angeapa kwamba alikauka koo.

Miaka miwili baadaye kundi hilo hilo la watafiti liliongeza kitu kimoja: kila mtu ajue kwamba sauti yake inapimwa peke yake. Utegeaji ukatoweka. Naomba ulishike hilo, tutalihitaji.

Kuna na jambo ambalo kwa nyumba kama yenu nalipa uzito kuliko hata kumbukumbu, na halimo kwenye barua yako popote. Ni kwamba watu hawaoni uchafu kwa kiwango kimoja. Wanaochunguza nyuki na siafu wana maelezo mazuri kuhusu hili. Mzinga ukianza kupata joto, nyuki hawaanzi wote kupepea mabawa kwa wakati mmoja. Wapo wanaoanza joto likiwa limepanda kidogo tu, na wapo ambao mpaka mambo yawe mabaya. Sasa wale wa kwanza wakianza, joto linashuka, na wale wa pili hawafikiwi kabisa na joto la kuwaamsha. Mtu akiuangalia mzinga atasema hawa ni wachapa kazi na wale ni wavivu, na kumbe tofauti ilikuwa digrii chache. Wapo wataalamu wa mawasiliano ya kifamilia walioichukua hoja hiyo wakaihamishia sebuleni, nami naona imekaa vizuri sana.

Wewe, kwa unavyoandika, unaanza kupepea mapema. Sinki likitoa mlio wa ajabu, umeshainama. Masufuria yamelowekwa siku mbili, kwako ni kashfa. Mwenzako kiwango chake ni siku nne. Lakini siku ya nne haijawahi kufika nyumbani kwenu! Tangu mhamie hapo, kila mara siku ya pili jioni kuna mtu anayaosha. Yeye anaishi katika nyumba ambayo masufuria hujitakasa yenyewe, na kwa uaminifu mkubwa anashangaa unalalamika nini. Kibaya zaidi, kazi uliyoifanya mara kumi mfululizo inakuwa yako. Mara ya kwanza mtu alikushukuru. Mara ya kumi usipoifanya unaulizwa kama unaumwa.

Hili si kosa lako, wala sitakwambia upandishe kiwango chako ukae na masufuria yananuka ili uwafundishe adabu. Watu hulijaribu, na huwa linaisha hivi: aliyeanza mgomo ndiye anayeteseka peke yake, maana ndiye pekee anayesikia harufu. Siku ya tatu anaosha, safari hii kwa kugonganisha vyombo ili nyumba nzima isikie. Wengine vyumbani wanaulizana nani kamuudhi.

Kuhusu kuwaonyesha hesabu. Jaribu kwanza kuifikiria sura ya kikao chenyewe. Unaweka 175 mezani. Kila mmoja anacheka, kila mmoja anawatazama wale wengine watatu. Hakuna atakayejitazama. Kila mmoja ataondoka na uhakika mpya kwamba humu kuna watu wanajizidishia, na wewe umempa takwimu. Kama majina yamo, ni vibaya zaidi: aliyeandika 45 atadaiwa 45 zake kila siku mpaka mkataba wa nyumba uishe.

Dawa inayojulikana ni ndogo. Kabla mtu hajajikadiria yeye, mwambie awakadirie wenzake mmoja mmoja, kwa majina, si kama "wengine". Caruso na Epley, wakiwa na Max Bazerman, waliwafanyia hivyo watu wanaofanya kazi kwa makundi, wakiwemo watafiti walioandika makala pamoja. Kujizidishia kulipungua. Basi ungedhani wote walitoka wakipendana zaidi. Wale waliokuwa wamechangia kidogo waliona kazi ile ilikuwa ya raha. Wale waliochangia sana, walipomaliza kuwafikiria wenzao mmoja mmoja, wakaona hawana hamu kubwa ya kufanya nao kazi tena. Hayo yalichapishwa mwaka 2006, na tangu niyasome nimekuwa mwangalifu kushauri watu wahesabiane. Ukiwatazama wenzako kwa makini unaweza kugundua kwamba walikuwa wanafanya mengi. Unaweza pia kugundua kwamba hawakuwa wanafanya.

Kwa hiyo ningefanya hivi, kama ningekuwa na umri wako na subira niliyo nayo sasa. Vikaratasi ningevichana. Halafu ningewaomba wote wanne tuandike pamoja, kwenye karatasi moja kubwa, kazi zote za nyumba. Si nani anafanya nini, ni kazi zenyewe tu. Ningetegemea orodha ifike thelathini, na ningetegemea kila mmoja asikie angalau kazi mbili ambazo hakujua kwamba zinafanywa na binadamu. Hicho kikao kingechukua jioni nzima na ndicho pekee ambacho ningekilazimisha. Kwa wiki moja, kila anayefanya kazi aweke alama siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu haijaanza kumpamba. Mkadirishe mtu saa anazotumia kwa kazi za nyumbani, kisha mpe shajara aandike siku kwa siku: mara nyingi saa za shajara ni chache kuliko zile za mdomoni. Jiandae, maana hilo litakupata na wewe.

Halafu wekeni zamu. Samahani kwa ushauri mkavu kiasi hicho, najua mlikubaliana kwamba kila mtu ni mtu mzima. Ila zamu inafanya mambo mawili kwa mpigo. Inatenga sauti ya kila mmoja, kama wale waliopimwa peke yao, kwa hiyo anayetegea anaonekana. Na inaondoa suala la nani ameona uchafu kwanza: Jumanne unaosha kwa sababu ni Jumanne, hata kama macho yako hayajaona chochote cha kuosha. Mkiweza kukubaliana pia "safi" maana yake ni nini, heri. Sijawahi kuona kundi likikubaliana hilo kwenye kikao cha kwanza.

Na zamu isiwe ya mikono tu. Mwanasosholojia wa Marekani, Allison Daminger, mwaka 2019 aliichambua ile kazi ya nyumbani inayofanyika kichwani akaigawa hatua nne: kutarajia kwamba kitu kitahitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, kisha kufuatilia kama kimefanyika. Wewe mwenyewe umeigusa bila kujua, ulipoandika "ninayekumbuka kununua sabuni". Hukuandika kununua, uliandika kukumbuka. Kununua ni dakika tano. Kukumbuka ni kutembea wiki nzima na chupa ya sabuni iliyobaki robo kichwani.

Sasa yale maneno ya pembeni niliyosema nitayarudia. Mwenzako wa tatu, uliandika, "anashughulika na bili za umeme na maji tu". Hiyo bili anaijua tarehe yake. Anajua mwezi uliopita ilikuwa kiasi gani na kwa nini mwezi huu imepanda. Anajua nani kati yenu hajatoa mchango wake, amemkumbusha mara mbili, anatafuta namna ya kumkumbusha mara ya tatu bila kuonekana mdai. Huenda mwezi mmoja alilipa kwanza kwa fedha zake akanyamaza. Taa hazijawahi kuzimika, basi hakuna aliyemshukuru. Sijui kama huyo ndiye aliyejiandikia 35, wala usiniambie. Ila kabla hujaitisha kile kikao, ichukue barua uliyoniandikia, itafute ile "tu", uifute, kisha uisome sentensi upya.